AFYA YA FAMILIA: Dawa Ikikuunguza, Ijue kwa Jina

 

Mwezi huu hatutaongea juu ya malaria wala kipindupindu kama ilivyo kawaida yetu. Tutaongea juu ya kitu ambacho baadhi yetu tumekiona lakini hatukujua jina lake. Ni pale dawa ya hospitali, dawa nzuri kabisa ambayo wengine wanameza na kupona, inapomgeukia mtu mmoja na kumchubua ngozi kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Sisi si madaktari, ni walimu wa kujitolea. Tuliyoandika hapa tumeyasoma, tumeyauliza kwa wanaojua, na mengine tumeyaona kwa macho yetu wenyewe.

"Mwalimu, mama ameungua lakini hakuna moto"

Habari hii ilianzia Nsungwi, kule Area 25, Lilongwe, mwaka 2022. Wakati ule familia nyingi za wakimbizi zilikuwa zinaishi mjini, zikiuza nguo, maandazi na nyanya. Sisi pia tulikuwa huko, tukiwafundisha watoto masomo ya jioni kwenye baraza ya mzazi mmoja.

Mwanafunzi wetu mmoja, msichana wa darasa la sita, alikosa masomo siku tatu. Siku ya nne alikuja bila daftari, akasimama mlangoni, akasema: "Mwalimu, mama ameungua lakini hakuna moto."

Mama yake alikuwa na kikohozi. Alinunua vidonge vyeupe dukani, akafungiwa kwenye kimfuko cha plastiki kisicho na jina lolote, akaambiwa viwili asubuhi na viwili jioni. Alimeza, kikohozi kikapungua. Siku ya tisa homa ikapanda, koo likauma, macho yakawa mekundu na kuwasha kama yametiwa pilipili. Akasema, hii ni malaria tu. Vidonge vilivyobaki akaendelea kuvimeza, eti vimsaidie.

Siku mbili baadaye yakatoka madoa kifuani na usoni, meusi yenye wekundu wa kuiva. Hayakuwasha, yaliuma. Midomo ikavimba na kushika ganda la damu, hata uji ukawa haupiti. Kisha ngozi ya mgongoni ikainuka malengelenge. Akigeuka kitandani, ngozi inabaki kwenye shuka.

Majirani walikuja, kila mmoja na lake. Huyu akasema surua. Yule akasema ni mwenzake wa sokoni kamtupia kitu kwa sababu ya wivu wa biashara. Wakaleta maombi, wakaleta na majani yaliyosagwa, wakampaka juu ya vidonda. Na sisi walimu, tuseme ukweli, hatukuwa bora kuliko wao. Tulifikiri ni tetekuwanga, tukamwambia yule msichana akae nyumbani asije akaambukiza wenzake. Jambo hilo linatuuma mpaka leo.

Aliyemwokoa ni jirani, mama wa Kimalawi ambaye zamani alifanya kazi ya usafi hospitalini. Alifunua shuka mara moja tu, akauliza: "Amwa mankhwala anji?" Alikuwa anauliza, amekunywa dawa gani?

Hakuna aliyejua. Mgonjwa hawezi kuongea, mume anajua ni "vidonge vyeupe", dukani wanasema wanauza vyeupe vya aina nyingi. Msichana ndiye aliyekumbuka kimfuko kilichobaki chini ya mto. Walipofika hospitali kubwa, kile kimfuko ndicho kilichowasaidia madaktari kutambua dawa. Mama alilazwa karibu mwezi mzima. Alipona. Kucha za vidole zilidondoka zikaota upya. Ila macho yake hayakurudi kama zamani: jua likiwaka, anatembea ameinamisha kichwa na kitenge usoni.

Ugonjwa huu unaitwaje?

Unaitwa ugonjwa wa Stevens-Johnson. Mwaka 1922 madaktari wawili wa watoto kule Marekani, Albert Stevens na Frank Johnson, waliandika habari za wavulana wawili wa New York waliopatwa na homa, vidonda vya mdomoni, macho mabaya na madoa mwili mzima. Mwaka 1956 daktari wa Uskoti, Alan Lyell, alieleza hali iliyo kali zaidi, ambapo ngozi hutoka vipande vipande kama ya mtu aliyeunguzwa na maji. Leo madaktari wanaona kwamba hayo mawili ni ugonjwa mmoja, tofauti ni ukubwa wake. Ngozi iliyobanduka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili, wanaita Stevens-Johnson. Ikizidi asilimia 30, ni ile hali ya Lyell. Kati ya hapo ni mchanganyiko. Kwa kukadiria, kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yake.

Ni hatari kweli. Katika hali ndogo, karibu mgonjwa mmoja katika kila kumi anaweza kufa. Katika hali kubwa ni karibu watatu katika kumi, na pengine zaidi. Ngozi ni ukuta wa nyumba. Ukuta ukianguka, maji ya mwili yanatoka, baridi inaingia na vijidudu vinaingia.

Kwa nini dawa ifanye hivyo? Mwili wetu una askari wake wa kupigana na magonjwa. Kwa watu wachache, askari hao wakikutana na dawa fulani wanachanganyikiwa, wanaona chembe za ngozi yao wenyewe kuwa ni adui, wanaziua. Si kwamba dawa ilikuwa mbovu au imepitwa na wakati. Si kwamba mtu alizidisha dozi. Na si uchawi. Wawili wanaweza kumeza kutoka kopo moja, mmoja akapona na mwingine akaungua.

Dawa zipi hasa?

Karibu dawa yoyote inaweza kumkataa mtu, lakini ziko zinazojulikana zaidi kwa ugonjwa huu. Tunazitaja si kwa kuwatisha, ila mzijue.

Ya kwanza ni kotrimoksazoli, ambayo wengi wetu tunaiita Bactrim au Septrin. Ndiyo iliyomuunguza yule mama. Inatibu mambo mengi, tena wengi wenye virusi vya UKIMWI hupewa kila siku kama kinga, na inaokoa maisha yao. Ya pili ni Fansidar, ambayo hospitalini wanaiita SP. Hizi mbili ni ndugu, zote zina salfa ndani. Ya tatu ni nevirapini, moja ya dawa za kupunguza makali ya virusi. Halafu ziko dawa za kifafa: karbamazepini, fenitoini, fenobarbitali na lamotrigini. Iko pia allopurinoli ya ugonjwa wa gauti, na baadhi ya dawa za maumivu ya viungo kama piroksikamu.

Tuseme na hili wazi: watu wengi sana wanameza dawa hizi bila shida yoyote. Kwa watu wote kwa jumla, ugonjwa huu unapata wachache tu katika kila milioni kwa mwaka. Kwa wenye virusi vya UKIMWI hatari ni kubwa zaidi mara nyingi, ndiyo maana katika nchi zetu umeonekana zaidi.

Umepita karibu na sisi

Tusifikiri ni mambo ya mbali. Majirani zetu Msumbiji waliwahi kugawa dawa ya salfa, sulfadoksini, kwa watu wapatao 149,000 ili kuzuia kipindupindu. Watu 22 walipatwa na Stevens-Johnson, na habari hiyo ikaandikwa katika jarida la madaktari mwaka 1985. Mwaka huohuo wakuu wa afya wa Marekani waliwaonya wasafiri wao juu ya kumeza Fansidar kila wiki kama kinga ya malaria. Walikuwa wamehesabu kifo kimoja kwa kila watumiaji kati ya 11,000 na 25,000.

Kule Nairobi kulikuwa na dawa ya kifua kikuu ya bei nafuu, thiasetazoni. Mwaka 1991 watafiti walitangaza kwamba kati ya wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI, mmoja katika kila watano alipatwa na matatizo ya ngozi kwa sababu yake. Kwa wasio na virusi alikuwa mmoja tu katika mia. Watatu walikufa kwa kubanduka ngozi. Baada ya hapo dawa hiyo ikaanza kuondolewa, na nyingine zikachukua nafasi yake.

Na hapa Malawi? Nchi hii ilikuwa ya kwanza Afrika kuacha klorokwini na kutumia SP kama dawa ya kwanza ya malaria, mwaka 1993. Mwaka 2007 ikabadilisha tena, ikaleta ile dawa tunayoijua kama LA. Leo SP inabaki hasa kwa akina mama wajawazito, kuwakinga wao na mtoto.

Dawa za bure za UKIMWI zilianza kutolewa kwa wingi mwaka 2004. Kidonge cha kwanza kilikuwa na dawa tatu ndani, na mojawapo ni nevirapini. Wazee wa dawa hizo wanakumbuka: wiki mbili za kwanza ulipewa nevirapini mara moja tu kwa siku, ndipo ukaongezewa ikawa mara mbili. Haikuwa uchache wa dawa. Ilikuwa ni kuupa mwili nafasi ya kuzoea, ili hatari ya ngozi ipungue. Hata hivyo wako walioungua. Huko Blantyre, watafiti wa Malawi na wenzao wa Liverpool, Uingereza, waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 walioanza nevirapini. Mwaka 2013 wakatangaza kwamba waliokuwa na alama fulani ya urithi katika damu yao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na Stevens-Johnson. Yaani mtu amezaliwa nayo, hana kosa, wala aliyempa dawa hakukusudia.

Kuanzia mwaka 2011 Malawi ilianza kuiacha nevirapini kwa watu wazima, na tangu 2019 dawa kuu ni dolutegraviri, ambayo kwa upande wa ngozi ni salama zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mimi siendi kupima, ARV zinachubua watu", mwambie hiyo ni habari ya zamani. Zamani hizo zimebadilishwa.

Itambue mapema

Ugonjwa huu una tabia ya kujificha mwanzoni. Kwa kawaida unaanza kati ya siku 4 na siku 28 tangu mtu aanze dawa mpya. Ndiyo maana watu hawaunganishi. Kikohozi kimeisha, dawa imesahauliwa, halafu ngozi inaanza. Lakini kama dawa ilishawahi kumuunguza mtu, akiirudia inaweza kumshika ndani ya saa chache au siku moja mbili.

Kateni sehemu hii mbandike ukutani.

DALILI ZA HATARI KWA MTU ALIYEANZA DAWA KARIBUNI:
- Homa pamoja na madoa au vipele vya ngozi.
- Macho mekundu, yanayouma, yasiyotaka mwanga.
- Vidonda mdomoni, kwenye midomo au sehemu za siri.
- Ngozi inauma kuliko kuwasha.
- Malengelenge, au ngozi inayobanduka ukiigusa.
- Uso kuvimba, tezi kuvimba, au macho kuwa manjano.

Kwenye ngozi nyeusi kama zetu, wekundu hauonekani vizuri kama wanavyoandika vitabuni. Madoa yanaweza kuonekana ya zambarau, kijivu au meusi zaidi ya ngozi. Kwa hiyo usingoje wekundu. Angalia mdomo na macho, huko hayajifichi.

Hiyo dalili ya mwisho, ya uso kuvimba na macho ya manjano, inaweza kuwa ya aina nyingine ya ukali wa dawa, ambayo inaingia mpaka kwenye ini. Inachelewa zaidi, wiki mbili mpaka nane. Nayo ni ya kukimbia hospitali.

Liko pia jambo dogo ambalo wengi wanalo na wanalidharau: doa jeusi la mviringo, linalowaka kila ukimeza dawa fulani, tena mahali palepale. Pengine ni mdomoni, pengine mkononi. Hilo si Stevens-Johnson, lakini ni mwili unakuambia jina la dawa usiyopatana nayo. Usilinyamazie.

Ufanye nini?

Ukiona dalili za hatari, usimeze dozi inayofuata. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na chukua dawa zako zote pamoja na vimfuko vyake. Hapa Dzaleka tunaanzia kwenye kituo chetu cha afya. Wao wakiona ni kubwa wanamtuma mgonjwa hospitali ya wilaya kule Dowa, au Kamuzu Central, Lilongwe. Kuiacha dawa mapema ndiyo tiba ya kwanza. Mengine yote yanakuja baada ya hapo: maji ya mishipani, kusafisha vidonda kama vya mtu aliyeungua, na kuangalia macho kila siku yasije yakashikana.

Kwa wanaotumia dawa za UKIMWI, kifua kikuu au kifafa, hapa tusikilizane vizuri. Msiache dawa halafu mkakaa nyumbani. Mwenye kifafa akiacha ghafla anaweza kuanguka vibaya. Nendeni siku hiyohiyo, mbadilishiwe. Dawa ziko za aina nyingi, moja ikikukataa iko nyingine.

Nyumbani, mpaka gari lije, mfunike mgonjwa kwa shuka safi. Mpe maji kidogo kidogo akiweza kumeza. Usipasue malengelenge. Usivute ngozi inayoning'inia. Usipake majani, mafuta, dawa ya meno wala majivu. Usimpe Bactrim nyingine "ya kukausha vidonda". Ukitaka kuomba, omba, sisi pia tunaomba, ila omba mkiwa njiani kwenda hospitali.

Alivyookolewa mara ya pili

Turudi kwa yule mama wa Nsungwi, maana habari yake haikuishia hospitalini.

Alipokuwa amelazwa, binti yake ndiye alikuwa mkalimani. Baba alikuwa anatafuta pesa, mama haongei, na Chichewa cha nyumbani kwao alikijua mtoto peke yake. Nesi alipoandika jina la dawa kwenye kitabu cha hospitali cha mama, alimwambia: mama yako asiimeze tena maisha yake yote. Msichana akalinakili lile jina nyuma ya daftari lake la hesabu, herufi kwa herufi, bila kujua maana.

Mwezi wa tano mwaka 2023 serikali ilianza kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wanaishi mjini. Mnakumbuka zile siku. Watu walipanda magari na walichoweza kukibeba. Sufuria zilibaki, magodoro yalibaki. Kitabu cha hospitali cha yule mama kilibaki Nsungwi ndani ya kabati, na hakikuonekana tena.

Mwaka 2024 mama alipata maumivu ya mkojo. Alikwenda kwenye kliniki moja, akiwa na kitabu kipya, kurasa zote nyeupe. Waliharakisha, foleni ilikuwa ndefu. Akaulizwa kama ana aleji. Neno hilo hakulijua, alifikiri anaulizwa kama ana mimba au ugonjwa wa aibu, akajibu hapana. Akapewa vidonge. Kwa bahati nzuri, safari hii kimfuko kilikuwa na jina.

Jioni akamimina maji kwenye kikombe. Binti yake alikuwa anaandika kazi ya shule. Kwa mazoea tu akachukua kimfuko akasoma: C-O-T-R-I-M-O-X-A-Z-O-L-E. Akanyamaza. Akaenda kutafuta lile daftari la zamani la hesabu, akalifungua nyuma, akaweka kimfuko pembeni ya yale maandishi. Herufi zililingana zote.

"Mama, usimeze. Ni ile."

Mama alituambia mwenyewe kwamba mkono ulitetemeka hadi maji yakamwagika. Kesho yake walirudi, wakaeleza, akabadilishiwa dawa akapona. Na juu ya jalada la kitabu chake kipya nesi akaandika kwa wino mwekundu jina la dawa, mwaka, na kilichotokea.

Ndugu wasomaji, hakikuwa kipimo cha maabara kilichomwokoa mama huyo mara ya pili. Ni jina lililoandikwa. Sisi tuliokimbia tunapoteza makaratasi kila mara. Tunahama nchi, tunahama mji, wengine wamepata safari za Marekani na Kanada. Daktari wa huko hajui vidonge vyeupe vya Nsungwi. Anajua jina.

Basi tunaomba kila familia ifanye mambo matatu. Kwanza, ukipewa au ukinunua dawa, ulizia jina, na kama kimfuko hakina, mwambie aliyekupa aandike. Pili, kama dawa ilishawahi kukuchubua, jina lake liandikwe kwenye jalada la kitabu cha hospitali, na liandikwe pia mahali pengine: nyuma ya picha, kwenye Biblia au Kurani, kwenye simu ya mtoto. Tatu, watu wa nyumbani walijue, maana siku ukizidiwa wewe hutaongea. Na ukiulizwa kuhusu aleji, maana yake ni hii: kuna dawa au chakula ambacho mwili wako unakikataa?

Maswali tuliyoulizwa

Je, ugonjwa huu unaambukiza? Hapana. Mnaweza kumuuguza, kumlisha na kukaa naye. Ninyi oshe mikono tu, ili msimpelekee vijidudu kwenye vidonda vyake.

Mimi ni mjamzito, nikatae Fansidar ya kliniki? Usikatae bila sababu. Dozi hizo zinakukinga wewe na mtoto na malaria, na hatari yake ni ndogo sana. Lakini kama Bactrim au Fansidar ilishakudhuru, mwambie nesi kabla ya kumeza. Na kama unameza kotrimoksazoli kila siku, mwambie pia, kwa sababu hizo mbili hazitumiki pamoja.

Kama ni karbamazepini iliyoniunguza, nitumie fenitoini? Usijiamulie. Dawa hizo mbili pamoja na fenobarbitali zinafanana, mwili ulioikataa moja unaweza kuzikataa nyingine. Daktari atakuchagulia ya aina tofauti.

Je, watoto wangu nao wataungua? Si lazima. Ila kwa kuwa iko sehemu ya urithi, mwambie daktari kwamba dawa hiyo ilimdhuru mzazi au ndugu wa tumbo moja.

Nikimpa jirani dawa zangu zilizobaki, kuna ubaya? Uko. Wewe ilikuponya, yeye hujui mwili wake. Tena unampa bila jina. Tusifanye.

Nikishapona, kuna faida ya kwenda kueleza? Iko kubwa. Malawi ina mamlaka ya dawa, PMRA, inayopokea habari za madhara ya dawa kupitia wahudumu wa afya. Hivyo ndivyo nchi zinavyojua dawa ipi iendelee na ipi ibadilishwe. Thiasetazoni ya Nairobi iliondolewa kwa sababu watu walihesabu na kuandika.

Kazi ya nyumbani

Sisi walimu hatuwezi kumaliza bila kutoa kazi, mtusamehe. Usiku wa leo, kabla ya kulala, tafuteni vitabu vya hospitali vya nyumba nzima. Mtoto anayejua kusoma avisome kwa sauti, wazazi wasikilize. Muulizane: nani aliwahi kuchubuka, nani aliwahi kuvimba, ilikuwa dawa gani? Mkikosa jina, mwende kituoni mkaulize, pengine kumbukumbu ipo.

Yule msichana sasa yuko sekondari. Lile daftari la hesabu bado analo, limechakaa na jalada limetoka. Tulimwomba tulipige picha kwa ajili ya ukurasa huu, akakataa kulitoa nje ya nyumba. Tukamwelewa.

Tukutane toleo lijalo. Mbaki salama.